Kamera ya papo hapo na uso wa bibi yangu: miezi sita ya kuitumia Unguja na Pemba

Picha ya kwanza niliyompiga bibi kwa kamera hii, inayotoa picha ya karatasi palepale, aliitazama, akaigeuza, akaitazama tena. "Mjukuu wangu, huyu mimi au kivuli changu?"

Alikuwa kakaa barazani kwake Wete, kajitanda kanga, nyuma yake ukuta uliopakwa chokaa mpya kwa ajili ya Idi. Saa sita mchana, jua utosini. Ukuta ulitoka vizuri, hata ufa wake unauona. Uso wa bibi ulikuwa doa jeusi. Karatasi moja inanigharimu zaidi ya shilingi elfu mbili, na haina negativu, ile filamu ya kusafishia picha nyingine, ya kwenda kuirekebisha. Ikiharibika imeharibika.

Niliumia, maana yeye ndiye aliyenifanya niinunue. Picha yake ya harusi ilipelekwa Unguja kusafishwa, akaisubiri mpaka chombo kirudi. Nilitaka safari hii aione palepale. Inasimuliwa kuwa Edwin Land, aliyeanzisha kampuni ya Polaroid ya kamera za papo hapo, aliulizwa na binti yake mdogo mwaka 1943 kwa nini haioni picha sasa hivi. Mwaka 1947 akaonyesha kamera inayojibu swali hilo. Yangu ni ndogo, ya siku hizi, inatumia filamu ndogo ya Fujifilm iitwayo Instax mini, karatasi 10 kwa boksi. Picha yenyewe ina upana wa milimita 46 na urefu wa 62, inaingia kwenye pochi.

Baada ya siku ile nilikaa na kamera nikaisoma. Haijui uso uko wapi. Inapima mwanga wote ulio mbele yake, na ikikuta weupe mwingi inadhani pana mwanga wa kutosha, inaubana. Ngozi nyeusi ndiyo inayoumia. Na huku kwetu weupe uko kila mahali: kuta za chokaa za Mji Mkongwe, mchanga wa pwani, kanzu za Ijumaa. Filamu hii nayo haina uvumilivu, kati ya kiza na kuungua pana nafasi finyu sana.

Kwa hiyo sasa sipigi mtu mbele ya ukuta mweupe juani. Bibi nilimhamishia mlangoni, hatua moja ndani ya kivuli, uso kaelekeza nje, nyuma yake ukumbi wenye kiza. Nikabonyeza kitufe cha kuongeza mwanga. Flashi ya kamera yangu haizimiki, na nikimsogelea mtu chini ya mita moja paji la uso linaungua, basi naifunika kwa shashi nyeupe, tabaka moja tu. Ukiweka mbili, uso unarudi kizani. Wakati ninaoupenda kuliko wote ni baada ya alasiri, jua likishuka: kofia haimtii mtu kiza machoni, na wekundu wa kanga unatoka kama ulivyo.

Kabla ya hapo nilikuwa natumia programu ya simu inayoigiza picha hizi, na fremu yake nyeupe. Kwa mandhari ya Forodhani inapendeza. Kwa nyuso zetu sikuipenda hata kidogo: ili picha ionekane ya zamani inachujua weusi wote, na ngozi inageuka kijivu, kama mtu aliyepakwa jivu. Ukilazimika kuitumia, piga picha yenye mwanga mdogo kidogo kuliko kawaida, kisha punguza nguvu ya madoido mpaka weusi wa nywele urudi. Nywele zikiwa nyeusi kweli, ngozi nayo inapata uhai.

Jambo jingine ni joto. Boksi langu la pili lilitoka duka moja lililoziweka filamu dirishani, juani. Picha zote kumi zilikuwa na umanjano usiotoka. Siku hizi nauliza zilikuwa zimewekwa wapi na nasoma tarehe kabla sijalipa, na nyumbani naziweka kwenye friji, si kwenye friza. Picha ikishatoka usiitikise wala usiikunje. Dawa iko ndani ya karatasi, bado inasambaa. Iweke kivulini, dakika moja na nusu hivi sura inajaa.

Kitundu cha kuchungulia kiko pembeni mwa lenzi, kwa hiyo ukimkaribia mtu unaweza kumkata kichwa. Hilo mkono unalizoea.

Kwa wapiga picha wa harusi sishauri iwe kamera pekee. Kwa anayetaka kumwachia mtu sura yake mkononi, nainunua tena kesho.

Ile ya mlangoni bibi aliishika kwa ncha za vidole, kama nilivyomwelekeza. Kwanza ilitoka kanga, kisha meno, mwisho macho. Hakusema kitu. Aliingia ndani akaiweka kwenye kasha, juu ya ile ya harusi, halafu akaniuliza karatasi zimebaki ngapi. Ilibaki moja. Akavaa viatu, tukaenda Mtambwe kwa dada yake kabla jua halijazama.