NovoPen 4: kalamu ya insulini kwa aliyechoka kujificha chooni

Anayechoma insulini kwa bomba huzoea kujificha: chooni kazini, nyuma ya mlango kwenye harusi. Bomba likionekana, asiyejua humdhania teja. Matokeo yake wengi huruka dozi ya mchana, na sukari hupanda hadi usiku. Hapa ndipo NovoPen 4 ya Novo Nordisk inapostahili bei yake. Ina umbo la kalamu nene, na hakuna kuvuta dawa kwenye kichupa mbele za watu: unazungusha kitufe (yuniti 1 hadi 60), unachoma, unairudisha mkobani.

Inatumia katriji (vichupa vyembamba vya insulini vinavyoingia ndani ya kalamu) za Penfill za mililita 3, yaani yuniti 300. Kabla ya kuinunua, hakikisha duka lako la dawa halikosi katriji hizo wala sindano zake. Bila hivyo ni pambo tu.

Insulini yenye ukungu, kama Mixtard, ibingirishe viganjani mara 10, kisha ipindue juu chini mara 10 mpaka iwe nyeupe sawasawa. Zikibaki chini ya yuniti 12, weka katriji mpya, kwani kigololi cha ndani hakina tena nafasi ya kuichanganya. Funga sindano mpya, elekeza kalamu juu, toa yuniti 2, na urudie hadi tone lionekane. Anayeruka hatua hii hupata dozi pungufu, kisha hujilaumu kwa sahani ya wali isiyo na hatia. Baada ya namba kurudi 0, usichomoe kabla ya sekunde 6, la sivyo dawa hudondokea kwenye ngozi. Katriji ikiisha katikati, namba iliyobaki dirishani ndiyo deni: limalize kwa katriji mpya.

Kasoro kubwa ni kwamba haina kumbukumbu. Mtu akichoma harakaharaka kwa kuona haya, baada ya nusu saa hajui kama alichoma, na kurudia kwa kubahatisha kunaweza kuishusha sukari vibaya. NovoPen 5 huonyesha dozi ya mwisho na muda uliopita. Ukiweza kuongeza pesa, chukua hiyo. Mlio wa "ta" mwishoni unasikika pia, ingawa kwenye ukumbi wenye muziki hakuna atakayegeuka.

Usichome juu ya nguo: huoni ngozi, na sindano ya milimita 4 inaweza isifike panapotakiwa. Kwa mvaaji wa dera tumbo ni shida kulifikia hadharani; paja chini ya khanga ni rahisi zaidi. Sogeza mahali pa kuchoma upana wa kidole kila mara. Kuganda sehemu moja huleta vinundu vinavyowafanya wengi waone aibu hata kuvua shati, na dawa ikichomwa humo hunyonywa ovyo. Ukihamia ngozi isiyo na vinundu, pima sukari mara nyingi zaidi, maana dozi ileile inaweza kuishusha mno.

Sindano ing'olewe kila baada ya kuchoma. Ikiachwa, kwenye joto insulini huvuja na hewa huingia. Kalamu inayotumika haihitaji friji, mradi joto lisizidi nyuzi 30. Kuiacha kwenye gari lililoegeshwa juani ni kuiharibu dawa. Usimwazime mtu, hata ndugu, hata kwa sindano mpya, kwa sababu damu inaweza kurudi ndani ya katriji.

Kwa mtoto anayehitaji nusu yuniti, iache hii, tafuta NovoPen Echo.