Antaktika kwa meli ndogo ya kifahari: kinacholipiwa ni muda wa kushuka

Nianze na pesa, maana ndilo swali la kwanza ninaloulizwa. Nauli ya mtu mmoja, chumba cha kawaida tu, ingenunua kiwanja kizuri nje kidogo ya Mombasa. Hapo hujaweka ndege za kwenda Buenos Aires na kushuka hadi Ushuaia, bandari ya kusini mwa Ajentina meli inakotokea, viza ya Ajentina (omba ya kuingia zaidi ya mara moja, kwa sababu meli inatoka nchini kisha inakurudisha), wala bima ya kusafirishwa ukiugua, ambayo wenye meli wanaidai. Thamani yake niliiona, ila si pale matangazo yao yanapoielekeza.

Matangazo yanasifu shampeni, vyumba vya fahari vyenye roshani na sakafu ya bafu inayopashwa moto. Vyote vilikuwepo, na utavizoea upesi kuliko unavyodhani. Cha maana ni idadi ya abiria. Chama cha kampuni zinazopeleka watalii kule, IAATO, kilichoundwa 1991, hakiruhusu zaidi ya wageni 100 kuwa nchi kavu mahali pamoja kwa wakati mmoja, na meli yenye abiria zaidi ya 500 haishushi mtu kabisa. Kwa hiyo meli ya abiria 200 inashusha watu kwa zamu; nusu wanatembea, nusu wanazungushwa kwenye boti. Sisi tulikuwa chini ya mia, tukishuka wote. Ukilinganisha bei, uliza hilo kabla ya kuuliza ukubwa wa chumba.

Kushuka kwenyewe ni shughuli. Kabla ya kufika tuliitwa na nguo zetu za nje na mabegi, wafanyakazi wakafyonza kila mfuko kwa mashine na kuchokoa vijimbegu vilivyonasa kwenye nyuzi. Kila ukitoka na kurudi unakanyaga kwenye maji ya dawa ili buti zisihamishe uchafu wa kisiwa kimoja hadi kingine. Ukifika ufukweni huruhusiwi kukaa, kupiga magoti wala kuweka begi chini, kwa hofu ya mafua ya ndege. Kwa pengwini unakaa umbali wa mita tano, naye akikatiza mbele yako unamngoja apite. Hakuna tangazo linalotaja harufu! Kinyesi chao kimepakaa miamba rangi ya waridi kwa sababu wanakula krili, vijidudu vya baharini mfano wa kamba wadogo, na uvundo unakupokea ungali kwenye boti.

Port Lockroy, kituo kilichojengwa na Waingereza 1944, sasa ni jumba la makumbusho na posta, na pengwini wametaga hadi mlangoni. Lakini mimi nilikipenda zaidi kisiwa cha Deception. Ni volkano iliyobomoka katikati, na meli inaingia ndani yake kupitia mwanya mwembamba. Mchanga ni mweusi, mvuke unatoka ukingoni mwa maji, na matangi makubwa yenye kutu yamebaki pale ambapo Wanorwei walichemsha mafuta ya nyangumi hadi 1931.

Sasa ubaya wake. Meli ndogo katika mlango-bahari wa Drake, kati ya Amerika Kusini na Antaktika, inakwenda mrama, na kuvuka ni kama siku mbili kila upande. Mifuko ya kutapikia ilichomekwa kwenye reli za ngazi kabla hatujatoka mkondo wa Beagle, njia ya maji ya kutokea Ushuaia. Nikajua wenyeji wa kazi hii wanajua kinachokuja. Asiyezoea bahari ameze dawa ya kichefuchefu mapema, asingoje. Chumba changu kilikuwa juu, karibu na pua ya meli, kikitupwa huku na huku. Chini katikati ni afadhali, tena ni bei nafuu.

Ratiba nayo usiishike sana. Karatasi ya kesho inaletwa chumbani jioni, asubuhi kiongozi wa msafara anatangaza jingine. Mfereji wa Lemaire, njia nyembamba ya bahari tuliyokusudia kupita, ulikuwa umezibwa na barafu, tukageuza. Kuna abiria walionuna hadi chakula cha mchana. Wangepanda kwenye chumba cha nahodha cha kuongozea meli, ambacho kiko wazi kwa wageni saa nyingi, wangeona mwenyewe anavyoipima ile barafu.

Kwa Waislamu: chakula halali niliomba wakati wa kukata tiketi na kikawepo, ingawa nilijikuta nala samaki zaidi. Kibla nilikuwa naulizia kwa afisa wa zamu, kwa sababu meli inageuka. Jua la Desemba linazama karibu na usiku wa manane na kuchomoza muda mfupi baadaye, kwa hiyo ongea na shekhe wako kuhusu nyakati kabla ya kuondoka.

Chakula cha usiku kilikuwa kirefu mno kwa mtu aliyeshinda kwenye baridi, sahani ndogondogo zisizokwisha, na pilipili hakuna. Mhudumu Mfilipino akanisikia nikilalamika, akaniletea chupa kutoka meza ya mabaharia. Bakshishi katika meli yetu ilikuwa ndani ya nauli. Meli nyingine huitoza pembeni, kwa siku, kwa kila abiria, basi soma mkataba.