Honda GCV160 ya mtumba, iligoma kuwaka sasa inapiga kazi: uzoefu wangu

Nina mashine ya kukatia nyasi ya kusukuma yenye injini ya Honda GCV160, niliinunua mtumba hapa Moshi kwa mtu aliyekuwa anahama, na naipenda sana, ila nataka nielezee hili suala la kuwaka kwa sababu naona watu wengi wanatupa stoo mashine nzima kabisa au wanauziwa spea wasizohitaji.

Nilivyoichukua ilikuwa imekaa kiangazi chote na petroli kwenye tenki. Navuta kamba, kimya. Naweka choki navuta tena, inakohoa kidogo basi. Fundi wa kwanza kuiona akasema koili, yaani kile kifaa kinachotengeneza umeme wa plagi, imekufa ninunue nyingine, akataja na bei, na hata plagi hajafungua! Hapo nikaamua nianze mwenyewe.

Kwanza, ule mkono wa juu unaobanwa pamoja na shikio lazima uubane, ukiuachia breki inashika injini na moto wa plagi unakatika, utavuta kamba mpaka mabega yaume. Halafu toa plagi. Hii inatumia NGK BPR6ES, nafasi kati ya ncha zake iwe 0.7 hadi 0.8 mm. Irudishe kwenye kofia yake, igusishe kwenye chuma cha injini, mwenzako avute, ukiona cheche ya bluu koili ni nzima. Fanya mbali na petroli tafadhali, mvuke wake unadaka moto haraka sana. Kwangu cheche ilikuwepo safi kabisa, yaani ile koili ningenunua bure.

Ila plagi ilikuwa kavu. Ukivuta weee halafu plagi inatoka kavu ujue petroli haifiki kwenye silinda, ikitoka chepechepe ujue imezidi. Nikadondosha petroli kidogo tu kwenye tundu la plagi, nikafunga, nikavuta, ikawaka kidogo ikazima. Nilifurahi jamani! Maana hapo moto upo, kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) ipo, aliyebaki ni kabureta, yaani kile kinachochanganya petroli na hewa.

Funga koki ya petroli, weka chombo chini, fungua boliti ya kikombe cha kabureta kwa spana namba 10. Kilichotoka kilikuwa cha njano iliyokolea, kinanuka kama vanishi, na chini kuna utando unanata. Petroli ikikaa muda mrefu sehemu yake nyepesi inapaa hewani unabaki huo utomvu, na jeti, yaani kile kijibomba kinachopitisha petroli ndani ya kabureta, ina tundu dogo mno, uchafu kiduchu tu unaliziba. Nikapuliza dawa ya kusafishia kabureta, nikapitisha uzi mmoja wa waya wa shaba taratibu mpaka nikaona mwanga upande wa pili. Usitumie pini wala drili, ukilipanua tundu injini itakula mafuta na kutoa moshi mweusi. Boya nalo lichezeshe juu chini uone sindano yake inayofungua na kufunga petroli haijaganda, na ile washa (pete ya mpira) ya kikombe ikiwa imepasuka badilisha, itavuja.

Nikamwaga petroli yote ya zamani, nikaweka mpya, koki wazi, choki, vuta, ikanguruma pale pale, na mpaka leo inakata ukoka wa masika bila kusumbua.

Ukitaka kuilaza uangalie kisu chomoa kofia ya plagi kwanza, halafu upande wa ea klina (chujio la hewa) uwe juu, la sivyo oili inaingia kwenye chujio na haitawaka tena au itajaza moshi mtaa mzima. Na kama kisu kiligonga jiwe au kisiki ndo ikagoma, cheche ipo na petroli ipo lakini kamba inakupokonya mkono, basi kagua ile ki ndogo, kipande cha chuma kinachoshikilia gurudumu la sumaku mahali pake, ikikatika majira ya moto yanahama, yaani cheche inatoka wakati usio wake.

Nyota nne kati ya tano. Nguvu ipo, oili inaingia lita 0.55 tu ya 10W-30, plagi zipo kila duka kwa sababu ndo hizo hizo za pampu za maji zenye injini ya Honda GX160. Nyota moja nimeitoa kwa spea za kabureta, halisi huku ni za kutafuta kweli kweli. Na kwa wanaoiweka stoo kiangazi, funga koki kwanza uiache iungurume mpaka izime yenyewe, kikombe kibaki kitupu.