Maoni yangu kuhusu ushauri nasaha katika kliniki moja ya methadoni Dodoma

Kwa miezi saba nimekuwa nikimsindikiza mdogo wangu kutoka Nkuhungu kwenda kunywa methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, katika kliniki moja ya hapa Dodoma, na kila Jumatano, kwa ridhaa yake, nimeketi naye katika vikao vya ushauri nasaha ninavyovieleza hapa. Unga, yaani heroini, aliuacha mapema, kwa kuwa dozi moja humkinga na arosto, yale mateso ya kukosa unga, kwa saa 24 au zaidi. Kilichomshinda ni mirungi. Methadoni hufanya kazi kwenye vipokezi vya afyuni, yaani sehemu za ubongo zinazopokea heroini na jamii yake, na haigusi hamu ya vichangamshi, na hadi leo hakuna dawa iliyoidhinishwa mahsusi kwa uraibu wa vichangamshi, iwe ni kokeini au mirungi. Hivyo kwa mgonjwa kama yeye tegemeo ni mazungumzo.

Mshauri wa kwanza alikuwa hodari kweli. Hakumhubiria wala kumkumbusha aibu aliyotuletea, jambo ambalo sisi ndugu tulikuwa tumelifanya vya kutosha, bali alimwomba asimulie siku yake saa kwa saa, tangu anaporudisha kikombe dirishani hadi anapolala. Kikao cha tatu ndipo mdogo wangu aliposema kwamba hutafuna ili asisinzie akiwa anabeba zege, kwa sababu methadoni ilikuwa ikimlegeza kuanzia saa nne asubuhi. Nyumbani hakuna aliyewahi kumuuliza sababu. Mshauri alimpeleka kwa daktari siku hiyohiyo, dozi ikapitiwa upya, kisha wakapatana kwamba ujira wa Jumamosi, siku iliyokuwa ngumu kuliko zote, utumwe kwenye simu ya mama. Tangu hapo ameteleza mara mbili, na mara zote mbili alikwenda mwenyewe kueleza.

Kasoro zipo, na zinaniuma. Katika miezi hiyo mshauri amebadilishwa mara mbili, na kila aliyekuja alimtaka kijana aanze simulizi upya, mpaka safari moja akakataa kuingia. Chumba kinatazamana na foleni ya dawa na mlango haufungi vizuri, ilhali maneno yanayosemwa mle yanahitaji faragha. Kikao kikipita dakika ishirini, mtu hubisha hodi.

Aidha, kliniki haina utaratibu wa kumtuza mgonjwa anapopimwa mkojo na kukutwa hana kichangamshi, ingawa njia hiyo ndiyo yenye ushahidi wenye nguvu zaidi kwa uraibu wa aina hii, na Marekani idara inayohudumia wanajeshi wastaafu imekuwa ikiitumia tangu 2011. Vocha ya chakula ingetosha kuanzia.

Mwenye ndugu anayekunywa methadoni huku akitafuna mirungi ampeleke kwenye vikao hivi, na siku ya kwanza kabisa aombe kijana abaki na mshauri mmoja.