Uzoefu wangu: wakala wa kuhuisha alama za biashara, Mwanza mjini

Maoni haya nawaandikia wenzangu wenye bidhaa za kufungasha, hasa dagaa, mchele na unga, kuanzia Mwaloni Kirumba hadi Nyakato. Huduma yenyewe ni ya ofisi ya uwakala iliyoko katikati ya jiji. Inatunza tarehe za alama za wateja wake na kuzihuisha BRELA, taasisi ya Serikali inayosajili alama Tanzania Bara, kabla muda haujaisha. Nawapa nyota nne kati ya tano.

Nilianza kuwaamini kwa swali lao la kwanza: maombi yaliwasilishwa lini? Wengi hapo ndipo wanapopotea, kwa sababu macho yanakimbilia tarehe ya cheti. Tanzania Bara, usajili wa kwanza unadumu miaka 7, na ukihuishwa unaendelea kwa vipindi vya miaka 10. Ile miaka 7 inahesabiwa tangu siku ya kuwasilisha maombi. Baada ya hapo maombi huchunguzwa, hutangazwa, na watu hupewa siku 60 za kupinga, kwa hiyo cheti huweza kutoka miezi mingi baadaye. Chukua alama iliyoombewa tarehe 12 Machi 2019, cheti kikasainiwa Novemba. Inakwisha Machi 2026. Aliyehesabu kutoka kwenye cheti amejipa miezi minane ambayo hana. Aliyesikia habari ya miaka 10 kwa mwenzake anayeuza Kenya, ambako ndivyo ilivyo tangu mwanzo, anajiona salama hadi 2029. Na kuwahi kulipa hakukupunguzii kitu: ukihuisha mapema, tarehe inayofuata inabaki Machi 2036.

Madaraja nayo, yaani makundi ya bidhaa ambayo alama husajiliwa ndani yake, wanayajua vizuri. Bara, kila daraja lina maombi yake na cheti chake. Dagaa wakavu wa kuliwa wako daraja la 29, lakini dagaa haohao wakiuzwa kama chakula cha kuku wanahamia la 31. Mchele na unga ni la 30, maji ya chupa la 32. Mtu wa hapa huanza na pakiti za mezani, mwaka wa pili au wa tatu akaongeza viroba vya wafugaji kwa nembo ileile, na tangu hapo ana tarehe mbili za kufuatilia. Ofisi hii inakupa karatasi moja yenye mstari kwa kila daraja: namba ya usajili, jina la mmiliki, tarehe ya maombi, tarehe ya mwisho. Kwangu mimi karatasi hiyo peke yake inatosha kuwalipa.

Kabla ya kugusa malipo wanakagua jina la mmiliki. Wengi tulisajili kwa jina binafsi, na leo biashara inaendeshwa na kampuni. Kisheria kampuni ni mtu mwingine, hivyo umiliki uhamishwe kwa hati na mabadiliko yaandikwe kwenye daftari la Msajili. Ukiliacha hivyo, siku utakayopeleka malalamiko ya bidhaa bandia Tume ya Ushindani utakuwa na cheti chenye jina moja na risiti za mauzo zenye jina jingine. Wanaomba pia pakiti unayotumia sasa na kuiweka kando ya picha iliyo kwenye cheti. Kuhuisha kunaendeleza picha iliyosajiliwa tu. Kama samaki wa zamani ameondoka na mahali pake pana mtumbwi na mwandiko mpya, nembo hiyo mpya inataka maombi yake yenyewe, na ni afadhali ujue kabla hujaagiza vifungashio vingine. Leseni ya biashara unayolipia kila mwaka haiihuishi alama. Nalisema kwa sababu bado nawasikia watu wakiamini hivyo.

Kwenye malipo, ada ya Serikali unalipa mwenyewe kwa namba ya kumbukumbu ya malipo yenye tarakimu 12 inayoanza na 99, benki au kwa simu. Namba hiyo ina ukomo wake, basi usiiombe kama fedha haijawa tayari. Ukitumiwa ankara ya "kuhuisha alama" inayokutaka utume dola kwenye akaunti ya nje, usilipe. Matapeli huokota majina kwenye matangazo ya alama. Na risiti ya malipo haimaanishi kazi imekwisha. Subiri cheti cha kuhuishwa chenye tarehe mpya, na usome kila herufi ya jina lako.

Nyota iliyopungua ni ya mawasiliano. Fomu yao ya kuteua wakala inaweka simu na barua pepe ya ofisi pekee, kwa hiyo taarifa za Msajili zinaishia kwao. Nilidai zangu ziongezwe, wakaziongeza bila ubishi, lakini hilo lingepaswa kuwa kawaida kwa kila mteja. Wakala akifunga ofisi au akihamia Dar es Salaam, barua ya kukumbushwa itamfikia nani? Bei yao ya kwanza pia ilichanganya ada na ujira wao kwenye jumla moja. Omba mistari miwili, na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, kwa ule wa ujira.

Hawashughulikii nje ya Bara na wanakwambia wazi. Cheti cha BRELA hakifiki hata Zanzibar, ambako kuna usajili wake wenyewe. Anayevusha mzigo Mutukula asajili Uganda, ambako nako ni miaka 7 kisha 10.

Mwenye alama moja, jina halijabadilika na nembo ni ileile, aingie mwenyewe kwenye ORS, mfumo wa BRELA wa mtandaoni, kwa namba yake ya NIDA, miezi sita kabla ya tarehe. Mwenye madaraja matatu, au aliyegeuza biashara kuwa kampuni, awape hawa kazi, na barua pepe yake aiandike kwenye fomu kabla ya kusaini.