Shokapu za pikipiki kwa sisi wa kilo mia na ushee: uzoefu wangu

Wakuu, mimi nina kilo 104 bila helmeti wala buti, na natembelea pikipiki ya cc 150, hizi hizi za vijiwe vya boda. Weka na begi la nyuma tunafika 115 hivi. Springi za kiwandani zimepangwa kwa mtu wa uzito wa kati, ndo maana jamaa wa kilo 65 anavuka tuta anaongea na simu na mimi nikivuka tuta hilohilo nyuma inashuka mpaka mwisho inagonga, paa, kiuno kinapokea. Usiku ndo balaa zaidi, nyuma ikizama taa inaangalia juu, wenye malori njia ya Mikumi wananipigia full wakati mimi niko dim muda wote.

Ukilalamika utaambiwa "kaza shokapu". Sawa, ile pete yenye ngazi kwenye springi, yangu ina ngazi 5, unazungusha na spana ya ndoano unamaliza. Ila kukaza hakuifanyi springi iwe ngumu, springi ni ileile, umeibana tu kabla hujakaa ili pikipiki isimame juu kidogo. Mafundi wengi ukiwaambia hili wanakuangalia kama umeanza kuchanganyikiwa.

Dawa ni kupima kwanza, futi tu inatosha. Piga stendi ya kati tairi la nyuma lining'inie, pima kutoka nati ya ekseli kwenda juu mpaka alama kwenye bodi. Shusha, pima tena ikiwa tupu. Halafu panda na mizigo yako yote, mmoja akushikie, mwingine apime. Tofauti ya kwanza na ya mwisho ndo unavyozama. Nyuma ya pikipiki yangu inacheza juu-chini kama milimita 100, na ukizama kama theluthi ya hapo uko vizuri. Ngazi ya pili nilikuwa nazama 50, yaani nusu imeisha hata sijawasha. Ngazi ya tano ikaja 36, ukiangalia unasema imepona, kumbe ikiwa tupu haizami hata kidogo, na inatakiwa ishuke japo milimita 5 mpaka 10 kwa uzito wake yenyewe. Ikikataa jua springi ni laini kwako na umeibana kupita kiasi, ukipita kwenye rasta tairi linabaki hewani, shokapu inanyooka mpaka mwisho na kugonga na shimo kubwa bado linakufikisha chini vilevile.

Kwa hiyo ni kubadilisha. Kariakoo zimejaa zile zenye kopo pembeni (la kuhifadhi oili na gesi), rangi ya dhahabu, bei chee, nilizishika mkononi, nyingi lile kopo ni pambo tu halina njia ya kwenda popote. Mimi niliagiza YSS za gesi, wale wa Thailand, kwa sababu springi unachagua kwa uzito wako, nikachukua urefu uleule wa tundu kwa tundu maana ukiweka ndefu stendi ya pembeni inakuwa fupi pikipiki inalala sana. Bei imeniuma, sitaficha. Ila sasa nazama 33 nikiwa juu na 8 ikiwa tupu, na kwenye ngazi ya pili tu, bado nina tatu za kupakia mama watoto.

Mbele ndo watu wanapasahau na ndo nafuu kuliko kote. Ukigusa breki kwenye kona za Kitonga fok (yale mabomba mawili ya mbele yanayoshika tairi, yana springi ndani) zinazama zote. Fundi wangu wa Gerezani alifungua, akamwaga oili nyeusi kama ya injini (na inawezekana ilikuwa ya injini kweli, kuna watu wanatia namba 40 humo), akaweka oili ya fok ya 15W, nzito kidogo, badala ya 10W, kimo sawa kulia na kushoto kwa rula, na juu ya kila springi kipande cha bomba la PVC cha sentimita 2 cha kuibana. Sili mpya hapohapo. Kwa hela ile sijui kwa nini nilianzia nyuma.

Ukishamaliza angalia cheni ukiwa umekaa juu, sio kwenye stendi, maana nyuma ikishuka cheni inakaza, na usipoacha ulegevu itakula beringi. Taa nayo ipangwe upya. Kama konseti (beringi za shingo ya usukani) au bushi za swingiamu (mkono unaoshika tairi la nyuma) zimechoka anza nazo, la sivyo itaendelea kuyumba na lawama utaipa shokapu.

Mdogo wangu ana kilo 58, akiichukua anasema inamrusha kwenye matuta. Hata ngazi ya kwanza bado ngumu kwake, nimemwambia aendelee na daladala.