Kupachika CLR: kitabu cha zamani au miongozo ya mtandaoni?

Kijana wa Arusha anayeandika programu kwa C++ na anataka iendeshe msimbo wa C# ndani yake, yaani aipachike CLR (injini ya .NET ya Microsoft inayoendesha msimbo huo), ana njia mbili za kujifunza: kitabu cha enzi ya .NET 2.0, au miongozo ya Microsoft ya sasa.

Kwa kina, kitabu kinashinda kwa mbali. Wakati ule SQL Server 2005 ndiyo kwanza ilianza kubeba CLR, na hifadhidata haiwezi kumwachia mgeni ajichotee kumbukumbu apendavyo. Ndiyo maana CLR ikakubali kumwomba mwenyeji wake: kumbukumbu kupitia IHostMemoryManager, nyuzi (threads, yaani mikondo ya kazi) kupitia IHostTaskManager. Kitabu kizuri kinakuonyesha kumbukumbu ikiisha katikati ya kazi: uzi unasitishwa, na kama ulikuwa umeshika kufuli la data ya pamoja, AppDomain nzima (chumba kilichotengwa ndani ya CLR ambamo msimbo unaendeshwa) inaondolewa ili seva isife. Hapo unaanza kuelewa kweli.

Miongozo haina utamu huo, lakini msimbo wake unafanya kazi leo. CorBindToRuntimeEx, kitendaji cha zamani cha kuiwasha CLR, iliwekwa kando tangu .NET 4 mwaka 2010. Kwenye .NET mpya unapita hostfxr, maktaba ya kuiwasha .NET, na huwezi tena kuunda AppDomain nyingi, unatumia AssemblyLoadContext kutenganisha msimbo unaopakiwa.

Mwenye mteja anayesubiri asome miongozo. Mwanafunzi wa Tengeru anayetaka kuijua injini atafute kitabu, ila kwanza afungue sura ya hitilafu. Ikiwa inaorodhesha tu majina ya vitendaji, akirudishe rafuni.